Nilifunga Duka, Sikufunga Faili

Barua aliileta sheha mwenyewe, kiongozi wa mtaa wetu, siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kiatu changu cha kushoto. Akanishika mkono akanivuta pembeni taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Imefika kwangu tangu Jumanne," akasema. "Nimekwenda nyumba yako ya mwanzo naambiwa umehama." Bahasha ya kaki, ina muhuri wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikaifungua palepale kivulini mwa ukuta. Ndani mlikuwa na jedwali la miaka minne, 2019 mpaka 2022, na chini kabisa jumla: shilingi 13,400,000 na kidogo juu yake. Kodi, riba, na adhabu ya kutowasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya kila mwaka.

Hiyo ilikuwa 2023. Wakati huo mimi ni muflisi wa miaka mitatu, tena muflisi aliyekwisha kuzoea. Gari sina, duka sina, nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na ukumbi. Nilikuwa nashika hesabu za stoo ya mtu huko Mwanakwerekwe, Unguja, kwa mshahara wa 450,000 kwa mwezi, na mke wangu anapika mikate ya kumimina, jioni watoto wanaipeleka dukani. Tulikuwa tunaishi. Nilikuwa nimeanza hata kulala usingizi mzima. Niliposoma ile jumla nilipandwa na hasira kabla ya hofu: nimetoa kila nilichokuwa nacho, wanataka kuchukua nini tena?

Nirudi nyuma kidogo.

Biashara yangu ilikuwa kupeleka mboga na matunda mahotelini. Viazi, karoti na kabichi zilitoka bara, Lushoto hasa, zinavuka na boti mpaka bandarini Malindi. Ndizi, mapapai, mananasi na mchicha nilinunua hapahapa Unguja, Dole, Kizimbani, Bumbwini. Saa kumi alfajiri gari imeshapakiwa, saa moja na nusu tuko Kiwengwa, na kabla ya adhuhuri tumeshamaliza Paje na Jambiani. Nilikuwa na gari ya tani mbili, chumba kimoja cha baridi, na vijana wanne. Ukutani mwa duka nilibandika maandishi makubwa ya rangi ya kijani: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Niliona yanapendeza. Wateja walikuwa wanayapiga picha.

Mwaka 2019 niliuza mali ya milioni 180 na ushei. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu ina maana yake. Wakati ule mfanyabiashara mmoja mmoja ambaye mauzo yake hayakuzidi milioni 100 kwa mwaka alikadiriwa kodi kwa mauzo yake tu, basi. Mimi nilikuwa juu ya mstari huo. Kwa hiyo nilitakiwa niwe na mahesabu ya faida na hasara, mwanzoni mwa mwaka nitoe makadirio ya kodi nitakayolipa, niilipe kwa mikupuo minne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba, halafu ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha niwasilishe ritani ya mwisho inayoonyesha kilichotokea kweli. Haya yote aliyafanya karani wangu. Mimi nilitia saini. Karatasi nyingine nilizitia saini juu ya boneti ya gari, injini inaunguruma, hata kuzisoma sikuzisoma.

Na mahoteli hayalipi taslimu. Unapeleka mzigo, stoo kipa anasaini kitabu cha mapokezi, unatoa ankara, unasubiri siku 30, 60, mengine 90. Msimu mmoja mkubwa wa wageni ni Disemba mpaka Februari, kwa hiyo fedha ya msimu huo mtu huikusanya Machi. Hoteli moja ilikuwa na meneja Mtaliano ambaye kila ukimdai anakwambia "domani", kesho, mpaka vijana wangu wakampa jina Bwana Domani. Nilikuwa nacheka nao.

Machi 2020 ikaja na Corona. Ndege zikasita, wageni waliokuwepo wakaondoka, mahoteli yakafunga moja baada ya moja, na Bwana Domani akarudi kwao. Mimi nikabaki na madai ya milioni 41 kwa hoteli saba, na karoti zinaota vinyweleo kwenye chumba cha baridi ambacho umeme wake sina wa kuulipia. Upande wa pili nadaiwa mimi: benki iliyoshika hati ya nyumba, wakulima wa Lushoto, mwenye boti, fundi gari, mishahara ya vijana, na ndugu wawili watatu walioniazima kwa nia njema.

Sikwenda mahakamani kutangazwa muflisi. Huku kwetu wengi hatufiki huko, tunamalizana barazani. Mfunguo Mosi mwaka ule Ami yangu akawaita wadai wote kwake, na imamu wa mtaa akiwepo. Akaisoma ile aya ya Suratul Baqara, ya 280: na akiwa mdaiwa ana dhiki, basi apewe muhula mpaka afarijike, na mkimsamehe ndiyo kheri zaidi kwenu. Nikaweka kila kitu mezani. Gari iliuzwa milioni 14. Chumba cha baridi kikauzwa, kiwanja cha Fuoni kikauzwa, nyumba ikauzwa benki ikapata yake. Waliobaki wakagawana, wengine wakachukua nusu wakaisamehe nusu. Mzee mmoja wa Lushoto, niliyekuwa namdai viazi kila wiki kwa miaka sita na sasa ananidai yeye milioni 2 na laki 6, tulimpigia simu tukaiweka sauti ya juu watu wote wasikie. Akasema, "Mwanangu, nimekusamehe duniani na akhera." Ami alilia. Mimi sikulia pale, nililia njiani. Ikasomwa dua, tukanywa kahawa na haluwa, nikaondoka mwepesi kama mtu aliyetolewa mwiba.

Wadai tisa waliitwa, wadai tisa waliitika. Wa kumi sikumwita kwa sababu haikunipitikia kuwa ni mdai.

Sasa rudi kwenye ile barua. Ningependa kusema kuwa niliichukua nikaishughulikia kesho yake. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa kanzu, kanzu nikaitundika nyuma ya mlango, na ikakaa humo siku kumi na moja. Kila nikiingia chumbani naiona ile kanzu imening'inia. Nikawa navaa shati hata msikitini. Aibu ya kufilisika mara ya kwanza niliimudu kwa sababu dunia nzima ilikuwa imeanguka na mimi. Hii ya pili ilikuwa yangu peke yangu. Nilijiona nitarudi kuwa yule mtu ambaye watu wakimwona wanavuka njia, si kwa uadui, ni kwa kuogopa asije akaazima.

Mke wangu akaikuta siku ya kufua. Alikuja nayo uani, mikono ina povu. "Hii ni nini, talaka?" Nikamwambia isome. Akaisoma kwa kituo, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wa pili ambao mimi sikuufikia. Akanyanyua uso. "Inasema una siku thelathini za kuweka pingamizi. Umeipata lini?" Nikamwambia Ijumaa ile, si ya juzi, ya kabla yake. Akahesabu kwa vidole vya povu. "Zimekwisha kumi na moja." Hakusema jingine. Akaenda kumpigia simu mtoto wa dada yake, ambaye ni mhasibu.

Huyu kijana ndiye aliyenifundisha katika jioni moja nilichotakiwa kukijua katika miaka kumi ya biashara. Alikaa kitako mkekani, akaomba chai, akaniuliza swali moja: "Ba mdogo, siku uliyofunga biashara, ulimwambia nani?"

Nikamwambia walimwengu wote wanajua. Duka lina kufuli, mwenye nyumba keshalipangisha kwa mtu wa simu, Darajani nzima wananijua muflisi.

"Kwa karatasi, ulimwambia nani?"

Hapo nikanyamaza.

Akanieleza ile barua mwaka kwa mwaka, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu alisema ya chini ndiyo nyepesi. Miaka ya 2021 na 2022 sikuuza hata fungu la mchicha. Lakini namba ya mlipakodi haifi kwa njaa. Mwenye biashara asipotoa taarifa kwamba amefunga, kwa ofisi ya kodi bado yupo dukani kwake, ila hawasilishi ritani, na kila mwezi unaopita adhabu inaongezeka. Wao wakichoka kusubiri wanakukadiria wenyewe kwa wanachokijua, na walichokijua juu yangu ni mwaka 2019, mwaka wangu bora kuliko yote. Ujumbe wa kunikumbusha ulikuwa unatumwa kwenye laini ya simu niliyoiacha ife, na kwenye barua pepe ya karani wangu, ambaye wakati huo yuko Muscat anaendesha gari la kubeba samani.

Mwaka 2020 ulikuwa makadirio yangu mwenyewe. Januari ile, mambo yako moto, karani aliandika kwamba nitalipa kodi ya milioni 4 na laki 8, mikupuo minne ya 1,200,000. Sheria inaruhusu kuyarekebisha makadirio katikati ya mwaka mambo yakibadilika. Yalibadilika hadi kupinduka, na mimi sikuandika hata mstari mmoja. Mbaya zaidi, mwisho wa kuwasilisha ritani ya 2019 ulikuwa tarehe 30 Juni 2020. Nilipouona mwezi huo nikakumbuka kuwa mimi mwezi huo nilikuwa barazani kwa Ami, nasamehewa.

Kisha akafika kwenye kile kilichonitoa jasho. Akasema hesabu ya 2020 ikifanywa upya kama inavyotakiwa, gari niliyoiuza nayo itaingia. Kwenye vitabu ilikwisha kushushwa thamani kwa uchakavu, mwaka baada ya mwaka, mpaka imebaki milioni 5, na nimeiuza 14; ile tofauti ni pato la biashara. Na zile milioni 2 na laki 6 za mzee wa Lushoto nazo zinaingia.

"Zinaingia vipi? Kanisamehe!"

"Ndiyo zinaingia, ba mdogo. Vile viazi ulishaviandika kuwa ni gharama, vikapunguza faida yako. Sasa hukuvilipia. Deni la biashara likifutwa, kwenye hesabu ni faida uliyopata."

"Kwa hiyo hata msamaha unakatwa kodi?"

Akacheka, akanywa chai yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona ile sura ya Ami analia, na mtu ananiambia yale machozi yana thamani ya milioni 2 na laki 6 katika fomu.

Lakini akanipa na upande wa pili, na hapa ndipo nilipoanza kupumua. Ikiwa deni nililosamehewa mimi linahesabiwa, basi na fedha yangu iliyopotelea mahotelini lazima ihesabiwe. Milioni 41 zilizokufa ni hasara, na sheria inakubali kuzitoa, kwa sharti kwamba nionyeshe nimezidai kwa kila njia ya maana na hakuna tamaa tena ya kulipwa. Akasita. "Unazo karatasi?"

Mke wangu akainuka. Akarudi na sanduku la bati, lile la kuwekea vyombo vya sikukuu, akalifungua. Vitabu vya mapokezi vyote vilikuwemo, vya miaka mitatu, vimefungwa kwa vitambaa vya kanga chakavu, na saini za stoo kipa wa kila hoteli. Siku tuliyohama mimi nilisema vichomwe. Yeye akaona ni vibaya kuchoma kitu chenye saini ya mtu. Na simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ilipotiwa chaji, ikawaka, na ndani mkawa na zile jumbe zangu za WhatsApp kwa mameneja: assalamu alaykum, naomba malipo, habari za asubuhi, nakumbushia ankara zetu, bosi, hata nusu. Zaidi ya jumbe 60. Ujumbe wa mwisho kwa Bwana Domani hata alama ya kusomwa haukupata. Kila mmoja niliuandika kwa unyonge, na sasa unyonge ule ndio ushahidi.

Nilipomsimulia Ami habari hii akaomba radhi, mtu wa miaka 78, akaniomba radhi mimi. Alisema siku ile ya kikao tulisoma aya ya 280 tukaishia hapo. Tungesogea aya mbili mbele tungefika ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na yote inahusu kuandika deni: mnapokopeshana kwa muda maalumu, andikeni, na msichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. "Tulichukua ya huruma," akasema, "tukaiacha ya kalamu."

Ofisini nilikwenda siku ya ishirini na mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Aliyenipokea ni binti mdogo, umri wa mtoto wangu wa pili, akaniambia, "Karibu mzee wangu, kaa kitako," akalifungua faili langu kwenye kompyuta, na nikaona kwa macho yangu kuwa kwenye kioo kile mimi ni tajiri. Duka lipo, gari ipo, mauzo milioni 180. Hakuna aliyenionea. Walikuwa wanamwandikia mtu ambaye nilimwacha mimi mwenyewe humo ndani bila kumtoa.

Kuna jambo moja la pingamizi ambalo watu hawalijui mpaka liwakute. Ili pingamizi lipokelewe, pamoja na kuliandika ndani ya siku 30 na kueleza sababu, inatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoipinga, iliyo kubwa kati ya hizo. Kwa upande wangu ilikuwa inakwenda kwenye milioni 4 na nusu. Fikiria: mtu anakuja kusema sina kitu, anaambiwa lete milioni 4 na nusu tukusikilize. Nilitaka kusimama niondoke. Kijana wetu akanikanyaga mguu chini ya meza. Sheria hiyohiyo inakuruhusu uandike kuomba upunguziwe au usamehewe malipo hayo ukiwa na sababu za msingi, na ombi hilo nalo liwe ndani ya muda. Alikuwa ameshaliandika, liko kwenye mkoba. Tuliambatisha mkataba wa kuuza nyumba, barua ya benki ya kumaliza deni, taarifa ya mshahara wangu wa stoo. Wiki tatu baadaye likakubaliwa.

Kilichobaki kilikuwa kukimbilia karatasi, na wallahi sikujua kama biashara iliyokufa ina karatasi nyingi kuliko iliyo hai. Sheha akaniandikia barua kwamba duka lilifungwa tangu 2020 na limepangishwa kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba akatoa mkataba wa yule mpangaji mpya. Leseni yangu ya mwisho ilionyesha kuwa haikuhuishwa tena. Hata taarifa ya kukatiwa umeme wa chumba cha baridi, ambayo niliichukia kuliko karatasi yoyote, ikawa na kazi.

Iliyobaki moja ni ya msamaha wa Lushoto. Tulihitaji maandishi yenye tarehe, ili deni liingie mwaka lilipofutwa na si mwaka mwingine. Nikapiga namba ya mzee. Ikapokelewa na sauti ngeni, ya mtoto wake. Mzee alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma.

Nilikaa na simu mkononi sijui niseme nini. Baada ya rambirambi, akili yangu ikaenda mahali ambapo sikutaka iende: anachodai marehemu ni mali ya warithi, na msamaha ule aliutamka tu, mbele ya watu wa Unguja ambao warithi hawawajui. Huyu mtoto wake akiniambia lipa, nina nini cha kumwonyesha? Nikamweleza ukweli wote, deni kiasi gani, alisema nini, na ninachohitaji sasa. Kikapita kimya. Akasema, "Mzee alitutajia. Alisema yuko mtu wa Unguja, wa viazi, huyo msimdai." Siku nane baadaye ikaja bahasha na boti, barua ya mkono ya yule mtoto, imegongwa muhuri wa mtendaji wa kijiji. Ninayo mpaka leo. Nakala ndiyo iliyokwenda kwenye faili.

Majibu ya pingamizi yalichukua miezi mitano. Miaka ya 2021 na 2022 ikafutwa yote. 2020 ikatoka na hasara: pato la gari na la msamaha yalimezwa na madeni yaliyokufa, na kodi ikawa sifuri. 2019 ikabaki.

Hii ya 2019 nilibishana nayo moyoni muda mrefu. Ndani yake mna mauzo ya Novemba na Disemba ambayo mahoteli hayakunilipa mpaka leo. Nilidhani nayo yatatolewa. Kijana akanieleza kwamba mahesabu yangu karani aliyaandikisha kwa mtindo wa ankara, yaani pato ni pato siku unapotoa ankara, fedha ije isije. Na deni linahesabiwa limekufa mwaka ule lilipokufa, ambao ni 2020. Kwa hiyo furaha ya mauzo iko mwaka mmoja na msiba wake uko mwaka wa pili, na mwaka wa pili hauna faida ya kuumeza msiba huo. Mtu binafsi anaruhusiwa tangu mwanzo kuchagua mtindo wa taslimu, ahesabu kilichoingia mkononi tu. Mimi sikuulizwa, au niliulizwa juu ya boneti ya gari. Basi nikalipa kodi ya fedha ambayo sijawahi kuishika.

Jumla, pamoja na riba na adhabu iliyosalia, milioni 2 na laki 7. Tukaomba kulipa kwa awamu, wakatoa miezi kumi na miwili, 225,000 kwa mwezi. Nusu ya mshahara wangu kamili. Mikate ya kumimina ndiyo iliyotulisha mwaka ule, na kaka yangu aliyeko Muscat alituma laki moja kila mwezi bila ya kuombwa mara ya pili. Kila nikilipa, mke wangu ananyoosha mkono kuitaka risiti kabla sijavua viatu.

Kufunga biashara kwenyewe, nilipokwenda kukufanya rasmi, hakukuchukua hata wiki mbili, na hili ndilo linalonikera nikilifikiria usiku. Zanzibar mtu anatakiwa kubisha hodi milango kadhaa: kodi ya mapato ni jambo la Muungano na iko TRA, baadhi ya kodi nyingine ziko kwa mamlaka ya Zanzibar yenyewe, ZRA, ile iliyokuwa ikiitwa Bodi ya Mapato, jina la biashara liko BPRA, wakala wa kusajili biashara na mali, na leseni iko ilikotoka. Ukiufunga mlango mmoja mingine haijifungi. Nilikwenda kote, nikachukua nakala yenye muhuri kila mahali. Rafiki yangu mmoja wa zamani, mwenye duka la vipuri ambalo nalo linayumba, ananiona mimi mwenda wazimu kila nikimwambia afunge kwa barua kabla hajafunga kwa kufuli. Anasema akifunga kwa barua itakuwa kama amekiri. Namwelewa vizuri sana.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, simu yangu ikalia ujumbe wa fedha. 1,200,000. Nikadhani mtu amekosea namba. Jioni akapiga mtu akajitambulisha kuwa ni mhasibu wa hoteli moja ya Kiwengwa, imepata mwenyewe mpya, wanasafisha vitabu, wamekuta ankara zangu za Januari 2020, na hiyo ndiyo robo watakayoweza kulipa. Nikashukuru mpaka nikakosa maneno. Halafu, kabla ya kuota nitainunulia nini, nikampigia yule kijana. Nikamwuliza, lile deni tulilosema limekufa, likifufuka?

"Ni pato, ba mdogo," akasema, na nikamsikia anacheka. "Lakini ile hasara yako ya 2020 bado ipo, itaimeza. Usiogope. Ila iandikwe."

Nilipogeuka mke wangu alikuwa ameshafungua daftari ukurasa mpya, kalamu mkononi, ananisubiri nimtajie tarehe.